Hatua Juu ya Bati

Taa ya kijani kwenye kisanduku cha sola ilizimika jua likiwa utosini.

Mshonaji aliitazama, pini mdomoni. Kijani maana yake paneli inalisha betri. Ikizimika mchana kweupe, ama wingu limepita ama waya umekatwa. Akatema pini, akachungulia nje. Wingu hata la dawa hakuna.

Kisha bati likalia. Mtu anatembea.

"Mama," alimnong'oneza mama mkwe wake, aliyekuwa sakafuni akichambua maharage. "Kuna mtu juu."

"Kunguru hao."

"Kunguru gani ana spana?"

Kweli, nati zilikuwa zinafunguliwa. Sare za shule alikuwa akizishona usiku, kwa taa zake tatu za volti kumi na mbili. Paneli ikienda, kazi imekwenda.

Lakini kilichomtisha zaidi ni zile hatua. Zilifuata mstari wa misumari. Zikalizunguka bati bovu la juu ya jiko, ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Huyu ametuchunguza siku nyingi, aliwaza. Anajua hata kwamba leo nilikuwa niende sokoni kwa mteja. Mteja asingeahirisha, angemkuta mama peke yake.

"Napiga kelele."

Mama mkwe akamdaka mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Usithubutu. Mwache achukue, aende zake. Watu wa mtaa huu unawajua. Watamuua."

"Na wamuue."

Spana ikaponyoka, ikateleza batini, ikaanguka mbele ya mlango. Hatua zikageuka, zikaanza kuja upande wao. Anashuka. Hofu ikamshinda mshonaji, akajichomoa mkono, akapiga ukelele wa mwizi mpaka koo likakwaruza.

Mtaa mzima ulitoka. Fundi baiskeli na nondo yake, muuza mkaa na rungu, wengine wakiokota mawe njiani. Ndani, wale wawili walisikia mtu akijilaza batini.

"Shuka, kaka. Au umepanda kuanika mbavu?"

"Kajifunika uso na fulana huyo. Funua tukuone, bwana harusi."

Watu wakacheka. Jiwe la kwanza likagonga bati.

Mama mkwe akatupa ungo. Alitoka mbio bila viatu, mikono juu, akajitia katikati ya wale watu. "Nipigeni mimi," alikuwa anasema. "Nawaomba, nipigeni mimi."

Uoga umemvuruga akili, mkwewe alifikiri. Wataumiza mtu mzima bure. Yeye mwenyewe alibaki ndani. Akachukua simu, akampigia mumewe, aliyeaga alfajiri kwenda kazini, aje amwokoe mama yake.

Simu ikaita. Iliitia juu ya bati.