Majibu ya Damu

Zama hizo damu ya mtu haikuwa yake peke yake: ukipimwa vinasaba, majibu yaliwafikia ndugu zako wote wa damu saa ileile, wapende wasipende. Ndiyo maana Mzee Kihiyo, ambaye saratani ya tezi dume ilikwisha kumfika mifupani, alikataa kipimo alichoagizwa na daktari wake. Binti yake wa pekee, Tunu, alikuwa na mimba aliyoihangaikia miaka mingi. Hakutaka ajue kwamba huenda amemrithisha kinasaba cha balaa hilo, ambacho kwa mwanamke huweza kuleta saratani ya matiti.

Akaenda kwa daktari wa pili, akiomba moyoni asikie mengine. Daktari yule mama akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mwenzangu hakukosea. Bila kipimo tutabahatisha dawa."

Tunu ndiye aliyemshinda. "Baba, pima. Nataka mwanangu akuone."

Majibu yalikuja wakiwa mezani wanakula. Simu zote mbili zililia pamoja. Mzee hakuigusa yake. Alimtazama binti yake akisoma, akaona mkono wake ukishuka taratibu tumboni.

"Dawa ipo, Baba," Tunu alisema, akijitahidi kutabasamu. "Wataanza wiki hii."

"Na wewe je, mwanangu?"

Tunu akamwongezea mchuzi. "Kula, Baba. Chakula kinapoa."