Jina la Masibo

Tangu asubuhi mtoto alikuwa analia. Nyanya yake, dada mkubwa wa Masibo, alimtajia majina ya marehemu wote wa ukoo, maana litakalomnyamazisha ndilo atakaloitwa.

Majina yakaisha.

"Si ujaribu la huyu mwanasoka wetu?" jirani akatania. "Hata Ulaya wanalijua, bana!"

"Masibo!" nyanya akaita.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Chwele nzima ikasikia vigelegele, na Masibo akawekewa mtoto mikononi.

Alipostaafu, uwanja wa shule yake ya zamani kule Kitale ulipewa jina lake, akafurahi. Sasa vidole vidogo vilikuwa vimekikamata kidole gumba chake, naye hakujua kama anaheshimiwa au anazikwa.

"Dada," akanong'ona, "hebu mtajie babu tena."