Mgeni wa Siku ya Mtakatifu Nikola

Mara mbili Kanali Todor alifika langoni kwa Mama Stamena, na mara mbili akageuka kurudi barabarani. Theluji ilikuwa imezishika nyayo zake zote, za kwenda na za kurudi. Jirani Gvozden, aliyekuwa akija nyuma yake, alizitazama akacheka.

"Kanali! Kwa Waturuki ulikuwa ukienda mbele tu. Leo sahani ya maharage inakurudisha nyuma?"

"Miguu ya uzee, Gvozden."

"Ingia bwana, tusije tukagandia hapa. Leo hakuna anayealikwa wala anayefukuzwa."

Hilo hasa ndilo lililomtisha, kwamba hafukuzwi mtu. Kwa miaka saba alikuwa akija kwenye sikukuu ya nyumba hii, na kwa miaka saba aliondoka na neno lake kooni. Mwaka huu daktari wa Belgrade alimsikiliza kifua, kisha akashughulika sana kuitafuta miwani yake. Kanali alielewa. Kama hatasema leo, hatasema tena.

Ndani, Mama Stamena alimpokea koti, akalitundika karibu na jiko ili alikute lina joto wakati wa kuondoka. Hakumwuliza kwa nini amekonda. Alimvutia tu kiti chenye mto, akampa kijiko cha ngano iliyochemshwa kwa asali.

Vitomir, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, akainuka kuuchukua mkate wa sikukuu. Mkate ule haushikwi na mtu yeyote tu. Kila ukoo una mtakatifu wake, baba humrithisha mwana, na mwana ndiye anayewasha mshumaa na kuumega mkate. Ndiyo maana Kanali hakuwahi kuuliza. Tangu mwaka wa kwanza alipomwona na mkate mikononi, alijua kwamba huyu ni ndugu wa Obren, mwana wa Mama Stamena aliyekufa vitani chini ya amri yake. Na tangu siku ile alimwogopa kuliko alivyopata kuogopa mizinga ya Waaustria.

"Shika upande wako, Kanali," Vitomir alisema.

Wakauzungusha pamoja, wakaubusu, wakaumega. Mikono ya Vitomir ilitetemeka, kama kila mwaka.

"Afadhali siku hizi," Gvozden alitania. "Mwaka ule wa kwanza nusura auangushe jikoni! Haya, Kanali kapata kipande kikubwa. Medali nyingine hiyo!"

Medali alikuwa nazo. Alikuwa mtoto wa mchunga kondoo, akaingia jeshini na miaka kumi na saba kwa sababu huko walikula mara mbili kwa siku. Akapanda cheo baada ya cheo: vita na Waturuki, vita na Wabulgaria, kisha vile vita vikuu. Magazeti yalimsifu. Lakini hakuna gazeti lililoandika habari za milima ya Albania, majira yale ya baridi ya mwaka 1915, jeshi lilipokuwa likirudi nyuma huku watu wakifa kwa njaa.

Alasiri Gvozden aliaga kwenda kula sikukuu kwenye nyumba nyingine. Wakabaki watatu. Vitomir alikaa karibu na jiko, akipasua vijiti vya kuwashia moto kwa kisu kirefu.

"Mama," Kanali alisema, "ile barua yangu ilikuwa ya uongo."

Stamena aliweka bakuli chini.

"Nilikuandikia kwamba Obren alikufa akilinda daraja. Hakukuwa na daraja. Tulikuwa tumebakiwa na gunia moja la unga, la wagonjwa. Nilitangaza kwamba atakayeligusa atapigwa risasi. Obren alichota unga, akajaza kofia yake. Sikuuliza alikuwa anampelekea nani. Nilimwamuru sajini achague watu sita. Nyuso zao zilikuwa zimefungwa matambara kwa baridi, na mimi sikutaka kuwajua. Niligeuka, nikautazama mlima mpaka bunduki ziliponyamaza."

Kisu cha Vitomir kilisimama. Kanali akamgeukia.

"Damu ya ndugu yako iko kwangu. Sina silaha. Wala sitapiga kelele."

Vitomir alikiacha kisu kikaanguka sakafuni.

 Kuni zikalia jikoni. Stamena akainuka, akaitwaa sahani ya Kanali iliyokuwa imepoa, akampakulia maharage mengine ya moto.

"Umesahau viatu," alisema.

"Viatu gani, mama?"

"Ndiyo, hukuviona. Ulikuwa unautazama mlima. Kabla hawajafyatua, Obren alivua viatu vyake, akamrushia mmoja wa wale sita. Yule alikuwa amejifunga vipande vya gunia miguuni, vidole vimeanza kuwa vyeusi."

Kanali alimkazia macho. Jambo lile halikuwamo katika barua wala katika ripoti yoyote.

"Nani alikwambia?"

Vitomir alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mama Stamena akamwekea kiganja shingoni, taratibu, kama mtu anayemtuliza ndama aliyeshtuka.

"Mimi nilizaa mtoto mmoja tu, Kanali. Huyu alikuja kunirudishia viatu. Nikamwambia avivae, aingie ndani."