Madoa ya Ukoo wa Nani?

Daktari alivuta pazia, akazima taa ya chumba, na binti mdogo akaanza kucheka gizani.

"Tulia, malkia wangu," baba yake alimnong'oneza. Alikuwa fundi seremala, naye alikuwa amempakata, mikono ya shati ameikunja hadi mabegani.

Kwa miezi kadhaa mtoto huyo alikuwa akizubaa ghafla katikati ya chakula, kijiko hewani, macho wazi lakini hayaoni. Baba alisema ni utundu. Mama moyo wake ulikataa. Siku moja akimwogesha, aliona mgongoni madoa yaliyopauka, yamechongoka kama majani. Hakungoja hata nywele zikauke, akamkimbiza hospitali, akapewa dawa. Leo walikuwa wamerudi kuangaliwa tena.

"Ngozi na ubongo huanza kuumbwa pamoja," daktari aliwaeleza. "Ndiyo maana mara nyingine ngozi hutusemea yaliyo kichwani. Haya, kijiko bado kinasimama hewani?"

"Tangu umpe dawa, hata mara moja," mama alijibu, sauti yake imejaa furaha. "Siku hizi anamaliza chake na kudokoa cha baba yake."

"Safi sana! Leo nataka kuyaangalia madoa vizuri tu, na kujua kama yapo kwenye familia. Wakati mwingine hurithiwa."

Hapo fundi akapata pa kusemea.

"Daktari, kwetu sisi ni wazima, chuma kitupu! Ila kuna mjomba wake huyu, kaka wa mama. Yule hukodolea ukuta macho mpaka chai inapoa."

"Kaka yangu ana mapacha wachanga," mama alisema. "Hapati usingizi, masikini."

"Mapacha wanasingiziwa bure. Hayo ni mambo ya kwenu."

Taa ndogo ya zambarau ikawaka. Mgongoni mwa mtoto madoa yakajitokeza, meupe pe, naye akajipinda huku na huku akitaka kujiona.

Daktari akaisogeza taa taratibu, kisha akasita.

"Lo! Hili ndilo kubwa kuliko yote. Jani kamili, hadi na ncha yake."

"Si nilisema mimi?" fundi akadakia, akimgeukia mkewe gizani. "Hilo ni la ukoo wa mjomba, halina ubishi!"

"Baba," daktari alisema kwa upole, "mkono ninaoumulika ni wako."