Alama za Baba

Daktari alisema "treat". Hakusema "cure".

La kwanza ni kutibu, la pili ni kuponya. Baba alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na aliyechanganya hayo mawili aliyaandika mara mia. Hata mimi bintiye hakunisamehe.

Mama hajui Kiingereza. Daktari alipotoka tu, akanivuta mkono. "Kasemaje?"

"Kasema watamponya, Mama."

Kitandani, Baba akafumbua macho. Kidole chake, kilichopindishwa na chaki, kikaanza kugongagonga shuka, kama zamani alipokuta kosa kwenye daftari langu.

Mama akamgeukia. "Eti Mwalimu, mtoto kapatia?"

Kidole kikatulia. Baba akanitazama mimi, si yeye.

"Kapata mia kwa mia."