Kofia ya Somo

Pandu hakujaliwa mtoto. Jina alilorithi kwa babu wa babu yake lingezikwa naye, lau si ahadi ya rafiki yake Vuai: "Mke wangu akizaa mwanamume, atakuwa somo yako, atalibeba jina lako." Miezi saba Pandu alitarizi kofia ndogo, jina lake mbele kwa uzi wa kijani.

Siku ya saba baada ya kuzaliwa, mtoto akanyolewa. Vuai akamtupia jicho baba mkwe wake, mwenye nyumba tatu, akatangaza: "Tumemwita Sudi, jina la babu yake."

Vigelegele vikapaa.

"Usinune, ndugu yangu," Vuai akamnong'oneza Pandu. "Jina ni jina tu."

Pandu akaitoa kofia kifuani, akamvika mtoto. Ikamkaa sawasawa. Mama mtu akalisoma jina kwa sauti, vigelegele vikakatika.