Picha ya Jalada

Tik. Tik. Giza la alfajiri halijatoka, na Mwanaidi akasikia kipanya cha kompyuta kikibofywa chumba cha pili. Mumewe Hamadi, mpiga video za harusi, alikuwa akinasa picha za albamu kutoka kwenye filamu ya Jumamosi.

Akamwendea, mtoto mgongoni. Picha kumi na tisa, zote bibi harusi.

"Kwani bwana harusi hakuja?"

"Wivu huo, Mama Pili," alisema Hamadi bila kugeuka. "Imebaki ya jalada tu. Haya, chagua wewe, mie nikaoge."

Mwanaidi akakaa. Kama ni kuchagua, basi atachagua ya kumkomesha: macho yamefumba, au mdomo umejaa pilau. Akaisogeza filamu kidogo kidogo, kama anayechambua mchele. Wapi! Yule mwanamke hata akipiga chafya anapendeza.

Akafika pale bibi harusi anapovaa hereni mbele ya kioo, akasimamisha. Ndani ya kioo, nyuma ya lile bega lililopakwa hina, alionekana Hamadi, kamera kaishika kifuani, mwanya wote nje. Mwanya ule ule uliomponza Mwanaidi akakubali kuolewa, na ambao siku hizi nyumbani hauonekani.

Kidole kikabonyeza chenyewe. Tik.

Uani maji yalikuwa yakimwagika. Pili akachungulia juu ya bega la mama yake, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Baba anacheka."